Mwambie Eli Apande

Vumbi la Karatu likiungua lina harufu yake. Haifanani na moshi wa kuni, wala na nguo iliyounguzwa kwa pasi. Ni harufu kavu inayokaa kooni na kukufanya umeze mate. Sebuleni kwetu vumbi hilo liliungua kila Jumapili mchana juu ya taa ya projekta, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi na mlango umefungwa ili chumba kiwe na giza. Feni ya mashine ilikuwa ikiunguruma, watu wamebanana kwenye mabenchi na mikeka, chai ya maziwa inapitishwa juu ya vichwa vyao, na ukutani simba wa kreta wanatembea, wakubwa kuliko ng'ombe wetu. Karatu iko mlangoni mwa Ngorongoro, lakini wengi wetu hatukuwahi kuvuka lile geti. Mpaka leo nikikutana na niliosoma nao wataniambia, "Adela, simba nilimwona kwa mara ya kwanza kwenu, kwa Mangi." Nikisikia hivyo hucheka kidogo, kisha nabadilisha mazungumzo.

Mangi alikuwa baba yangu. Ni jina ambalo watu wa huku humpa Mchaga yeyote aliyefanikiwa kidogo, na baba alilipenda. Alitoka Rombo akiwa kijana, akaanza kwa kuosha magari ya watalii, akaishia kuyaendesha, akamwoa mama yangu, Mwiraqw wa Rhotia. Kwa wageni alikuwa mpole mno. Nilimwona kwa macho yangu akimpa mkono bibi wa Kizungu ashuke kwenye Landkruza, taratibu, kama anayeshusha mayai. Nyumbani alipiga. Nasema mapema kwamba hakuwa mlevi, kwa sababu watu wakisikia habari kama hizi hukimbilia kuilaumu pombe, na pombe haikuwamo. Baba alipiga akiwa ameoga, ameshiba, amevaa shati lililonyooshwa na yule yule anayempiga.

Projekta baba aliachiwa, pamoja na filamu za kreta, na Mjerumani mmoja aliyekaa Karatu miaka kadhaa na kumtumia kama dereva wake. Siku mashine ilipofika nyumbani baba alipaka ukuta mmoja wa sebule chokaa mara mbili, akapanga mashine juu ya kabati, akatuita tukae. Shida ilianza hapo hapo. Picha ilikuwa pana juu na nyembamba chini, rangi zimepauka, na maandishi yote ya marekebisho yalikuwa ya Kijerumani. Baba alijua Kiingereza cha kazini, cha kuhesabu tembo na kuuliza wageni kama wamelala vizuri, lakini Kijerumani hakukijua, na kutokujua mbele yetu kulimuuma. Alisimama karibu na ukuta, pua inakaribia kugusa nyasi za kreta, akamwamuru mama abonyeze vitufe. "Hizo nyasi si za njano hivyo. Mimi naziona kila siku. Ongeza kijani." Mama akabonyeza, simba akawa wa kijani. Baba akatembea kutoka ukutani mpaka kwenye kabati, bila haraka, akampiga kofi, akarudi ukutani. "Tena." Mama akabonyeza, picha ikageuka juu chini. Akaja tena, safari hii kwa ngumi. Ikawa hivyo mchana kutwa: kitufe, hatua za viatu, pigo, hatua za viatu. Mama alipoanguka alimwinua kwa nywele, akamwekea rimoti mkononi na kumkunja vidole aishike. Nilikuwa nimekaa mkekani na niliogopa mpaka nikajikojolea. Sauti ya hatua zile za kurudi ukutani naichukia kuliko sauti ya mapigo yenyewe.

Wiki iliyofuata nilijifunza mashine ile. Sikufundishwa na mtu, na wala sikuwa na akili kuliko watoto wengine. Nilikuwa na sababu. Baba akiwa safarini na wageni, mimi na mama tulifunga mablanketi, tukawasha, tukabonyeza kitufe kimoja kimoja na kutazama kinachotokea. Pete ya lenzi ilikuwa ya kunoa picha. Mshale wa pembeni ulikuwa wa kunyoosha ile picha iliyopinda. Mstari wa kwanza kwenye menyu uliandikwa Helligkeit, na tulipousogeza chumba kizima kiling'aa au kilififia. Lile neno lilitushinda kulitamka. Mama alijaribu, akakwama, akasema, "Basi tumwite Eli." Kuanzia hapo mwanga wa picha ukawa Eli, kama mtoto wa humo ndani. Eli ametulia. Eli amezidi leo. Mwambie Eli apande kidogo. Yalikuwa maneno yetu wawili tu; baba hakuyajua, maana akiwepo yeye mama hakuwa mtu wa kuongea.

Na Eli alikuwa na kazi. Baba alitaka watu waje. Kila Jumapili baada ya sala za jumuiya majirani walifika, naye alisimama pembeni mwa ukuta akieleza faru anakaa wapi na fisi anakula nini, kwa sauti ile ile ya wageni wake. Mama ndiye aliyepitisha chai, na mara nyingi alipitisha akiwa na jicho lililoziba au mdomo uliopasuka. Aliona aibu, na zaidi ya aibu alikuwa na hofu. Kaka yake mkubwa, mjomba Tluway, alikuwa na hasira za karibu, na mama aliamini kwamba akijua, mtu mmoja kati yao atakufa na mwingine atafungwa. Kwa hiyo mama alivuta khanga mpaka kwenye paji la uso, na mimi nikashika rimoti. Eli akipanda sana, uso wa mama ulionekana. Eli akishuka sana, baba aliona picha ni mbovu, na wageni wakiondoka tungelipa. Nilitafuta mahali pa katikati kila Jumapili, vidole vimelowa jasho. Kulikuwa na hatari nyingine: filamu ikiisha, ukuta ulikuwa unageuka bluu tupu na kumulika kila mtu. Niliipekua ile menyu mpaka nikapata mahali pa kubadilisha bluu kuwa nyeusi. Siku hiyo mama alinikumbatia kwa nguvu, na mbavu zake zikamuuma, akaniachia.

Tulicheka pia, nisije nikaonekana nasema hatukucheka. Jirani yetu Mama Pasko alisikia mara nyingi, baba akiwa safarini, tukimtaja Eli, akaamini tuna mtoto wa ndugu tunayemlea. Jumapili moja alituletea uani andazi lililofungwa kwenye gazeti. "Hili la Eli. Huyo mtoto wenu mbona mmemficha hivyo?" Mama alilipokea kwa mikono miwili, akamshukuru kwa niaba ya Eli, tukaenda kuligawana jikoni huku tumeziba midomo kwa khanga.

Jumapili ninayotaka kuisimulia, baba alimpiga mama kabla ya wageni kufika. Alisema chokaa imepata doa la mkono, na mkono ni wa mama. Alimpiga kwa kigoda mpaka mguu wa kigoda ukatoka, kisha akaendelea na huo mguu. Pigo moja lilimpata sikioni na damu ikatoka ndani ya sikio, nyembamba, ikashuka shingoni. Taya lilivimba upande mmoja. Baba akanawa mikono, akabadilisha shati, akafungua mlango kuwakaribisha watu. Pamoja nao akaingia mjomba Tluway, aliyekuwa ametuletea maharage kutoka Rhotia na ambaye kwa kawaida hakuja Jumapili. Nilimwona, nikamshusha Eli haraka. Baba alimpa mjomba kiti cha mbele, shemeji kwa heshima zote, na simba wakaanza kutembea.

Mama aliingia na chai. Alimpa kaka yake kikombe, akasimama pale pale kati ya mabenchi na ukuta, picha ikimpita juu ya khanga. Nilidhani anatafuta pa kupita. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo baba akiwepo, "Adela, mwambie Eli apande."

Nikampandisha kidogo tu. Nilidhani labda baba amelalamika nami sikusikia.

"Mpaka mwisho, mwanangu."

Baba aligeuka. "Eli ndiyo nani hapa kwangu?"

Nilishikilia kitufe. Nyasi za kreta zikapauka, simba wakapauka, mpaka ukuta wote ukabaki mweupe na sebule ikaonekana yote: mikeka, viatu, doa la chokaa, nyuso za watu wamekunja macho. Mama akavua khanga kichwani. Aligeuza uso upande huu na upande ule ili kila benchi lipate kuuona, na mwisho akamgeukia kaka yake. Damu ya sikio ilikuwa imekauka mpaka kwenye kola ya gauni. Nilisikia feni ya mashine na mtu mmoja akiweka kikombe chini.

Baba hakumwendea mama, alinijia mimi. Alinipiga mdomoni kwa kiganja kilicho wazi nikaanguka juu ya waya, na projekta ikaja nami kutoka kabatini, taa bado inawaka, inamulika dari. Aliinua mguu anikanyage. Hapo ndipo fimbo ya mjomba ilipomfikia. Ilimpata mgongoni, halafu begani, halafu mkononi alipojikinga, na mfupa ukalia. Mjomba hakutukana wala hakupiga kelele. Alipumua kwa nguvu na kupiga, kama mtu anayepura maharage. Baba alianguka kwenye mikeka kati ya miguu ya wageni wake, akatema damu na jino, akaanza kutambaa kuelekea mlangoni, na mjomba akamfuata akimpiga miguuni. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilikuwa na damu mdomoni na nilitaka aendelee.

Ndipo majirani walipopata sauti zao. "Inatosha! Mtamuua Mangi wa watu! Mwacheni, ni baba wa mtoto!" Wanaume waliruka benchi, wakamshika mjomba mikono, wakamnyang'anya fimbo. Mwenyekiti wa jumuiya alisimama katikati ameinua mikono. Tangu nipate akili zangu, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia jirani akisema inatosha ndani ya nyumba yetu, na ilikuwa kwa ajili ya baba.

Tuliondoka mchana ule ule, mimi na mama, kwenye gari lililompeleka mjomba Rhotia. Baba alikaa na mkono kwenye bandeji ngumu muda mrefu, kisha akauza nyumba akarudi Rombo. Hakufa mtu na hakufungwa mtu. Yote yale ambayo mama aliyaogopa, na ambayo yalimfanya avumilie miaka ile, hayakutokea. Sikio lile halikupona. Mpaka leo ukitaka kuongea naye inabidi ukae upande wake wa kulia, na shambani akiitwa kutoka kushoto huendelea kupalilia.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, tulikutana na Mama Pasko kwenye msiba. Tulikaa pamoja tunachambua mchele, na nikataka kumsimulia jinsi tulivyokuwa tunaficha, jinsi Eli alivyokuwa si mtoto. Nilitegemea atashangaa. Aliendelea kuchambua. "Tulikuwa tunasikia, mwanangu," alisema. "Ukuta wetu na wenu ulikuwa mmoja. Mangi akianza, mzee wangu alikuwa anasema, haya, leo picha itachelewa." Nilikuwa nimejifunza menyu nzima ya Kijerumani kuwaficha watu kitu ambacho walikuwa wanakijua, wakakaa nacho gizani, wakanywa chai ya mama. Nilimchukia kwa siku kadhaa, halafu nikachoka kumchukia, kwa sababu alikuwa mwanamke mwenye huruma na lile andazi alilileta kweli.

Sasa naishi Karatu hapa hapa, na televisheni yetu inajirekebisha yenyewe. Chumba kikiwa na giza inafifia, kikiwa na mwanga inang'aa, na wanangu hawajui kwamba kuna mtu aliwahi kupigwa kwa sababu ya rangi ya nyasi. Mume wangu Deo hajawahi kuninyooshea hata kidole. Ni mtu mwema, na wiki iliyopita alifanya kile ambacho watu wema hufanya. Ilikuwa jioni, watoto wanaoga, sisi tunatazama taarifa ya habari, kwa jirani kukasikika kishindo, kitu kikaburutwa, na sauti ya mwanamke ikakatika katikati ya neno. Ni wenzi wapya, wamepanga juzi juzi. Deo alichukua rimoti akaongeza sauti.

"Ni mambo ya mtu na mke wake," alisema, bila ubaya wowote.

Nilimnyang'anya rimoti nikazima. Kile kilichokuwa kinaendelea upande wa pili kikasikika vizuri zaidi, mpaka zile hatua za viatu, zinakwenda, zinarudi. Nilivaa kandambili, nikafungua mlango. Nyuma yangu nilimsikia Deo akitafuta shati. Nilipogonga kwao, hatua zikakoma, na mwanamume akauliza kwa upole sana, sauti nzuri kabisa ya kupokea wageni, "Nani?"

Nikagonga tena.