Kaburi la Tindi

Usiku ule nililala na taa ikiwaka, mimi mtu mzima, kwa sababu asubuhi yake nilitakiwa nikalale kaburini.

Kaburi lenyewe lilikuwa la filamu. Bendi yetu ya roki, Radi Kavu, ilikuwa imejitwika mzigo uliowachekesha watu wote waliotujua hapa Kitale: albamu tatu zinazosimulia hadithi moja, na filamu ya kuziunganisha. Hadithi ni ya Tindi, mwanamke anayezunguka na kengele akiwaita watu waliosahauliwa. Katika albamu ya kwanza anaipata kengele, katika ya pili anatembea nayo, katika ya tatu anakufa na kuzikwa. Tindi ni mimi. Naimba sauti yake, na kwenye filamu najifunga shuka lake.

Shimo tulilichimba katika shamba la kina Simon, mpiga gitaa wetu, ambaye ndiye aliyebuni mradi wote na ndiye aliyeshika kamera. Walinipima kwa kamba, kutoka utosini hadi kisiginoni, wakachimba kwa kipimo hicho. Mama yake Simon alikuja akasimama pembeni, mikono kiunoni. "Wanangu," akasema, "mkimaliza mchezo wenu mlifukie kabla jua halijatua. Na kwa vile halina mtu, mtieni mgomba. Kaburi haliachwi likingoja." Kwetu ndivyo ilivyo kweli. Kaburi likichimbwa likakosa mtu, huzikwa shina la mgomba mahali pake, na jina la aliyechimbiwa hutajwa. Sote tulilijua hilo tangu utotoni. Tukaitikia, "Ndiyo, mama," kwa adabu zetu zote.

Siku hiyo nilifika ukingoni nikashindwa kushuka. Wafula, mpiga ngoma wetu, akanicheka. "Wee Mrefu, toka hapo. Lete hilo shuka, nilale mimi. Uso si utafunikwa?" Akalala. Mvua ikaja katikati ya kazi, picha ikaharibika, na Simon akasema tulifunike shimo kwa mabati, tutarudia siku nyingine. Miezi miwili baadaye pikipiki iliteleza na Wafula, akafa. Tukamzika kwao, katika kaburi lake halali. Lile jingine likabaki wazi chini ya mabati. Hakuna aliyelitaja hadi Simon alipopiga simu kusema kesho tunarudia ile picha, na safari hii lazima nilale mwenyewe.

Basi nikalala, taa ikiwaka.

Niko katika chumba chetu cha mazoezi, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Ni mchana, unga umetanda kwenye vioo vya dirisha. Wafula ameketi kwenye ngoma zake, anakaza toazi kwa vidole. Amevaa shati la mistari tulilomzikia, limepigwa pasi vizuri. Sikushangaa kumwona. Nilichokiona cha ajabu ni kwamba ngoma zilikuwa zimefunikwa blanketi, vile tulivyozifunika baada ya mazishi, naye alikuwa akizipiga juu ya hilo blanketi. Hazitoi sauti. Anapiga mwanzo wa albamu ya kwanza, nautambua kwa mikono yake, na mimi nafungua kinywa niimbe lakini sauti haitoki.

"Umechelewa," akasema.

Nikageuka kutafuta maikrofoni, na chumba kimekuwa ukumbi. Viti vimejaa watu, wote wamenipa kisogo, wanatazama filamu yetu. Hii ndiyo siku tuliyoingoja miaka yote, na ilinipasa kufurahi. Lakini mbele kuna picha moja tu: mabati, na nyasi zilizoota pembeni mwake. Picha haisogei. Watu wananong'ona, na nasikia wanachoulizana: yuko wapi? Yuko wapi? Mwanamke wa safu ya mbele anaanza kugeuza shingo anitafute. Niliogopa, jamani. Niliogopa hadi nikajiziba mdomo kwa mikono miwili. Nikainama kati ya viti, nikatambaa, na sakafu ikawa udongo, na udongo ukawa shamba la kina Simon saa sita mchana, jua la utosi.

Mabati yameondolewa. Wafula amelala mle chini, ameshikilia shuka kifuani kama mtu aliyeamshwa mapema. Miguu yake haifiki mwisho. Imebaki nafasi ya shubiri moja, na siwezi kuiondolea macho, kwa sababu naijua. Ndio urefu niliomzidi. Alipokuwa hai alikuwa akipanda juu ya kiti kila tulipopigwa picha za bendi.

"Unaona?" akasema. "Limenizidi."

Nataka kukimbia. Miguu imekataa. Ukingo unamomonyoka chini ya vidole vyangu, udongo unamwangukia kifuani naye hapangusi. Nikalia. Nikamwambia lile ambalo sikumwambia mtu yeyote tangu msiba: "Wafula, ulilala mahali pangu. Mimi ndiye niliyekuua."

Akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Mrefu, usijipe ukubwa. Nililala kwa sababu jua lilikuwa kali na huku chini kuna baridi. Pikipiki ni pikipiki."

Hapo ningepumua. Lakini alikuwa ameacha kucheka. Akainuka, akapanda juu bila kushika kitu, akasimama karibu nami hadi nikasikia harufu ya sabuni waliyomwoshea. Chini yetu shimo lilikuwa tupu, na kutoka mle ikalia kengele ya Tindi, ile niliyoiacha nyumbani juu ya kabati. Inalia polepole, inanyamaza, inalia tena. Miguu yangu, iliyokataa kukimbia, sasa ikaanza kwenda. Ilikuwa inaelekea shimoni.

Wafula akaniwekea kiganja kifuani, akanisukuma nyuma hatua moja.

"Mlilichimba kwa jina la Tindi," akasema. "Mpeni Tindi. Leo. Asije akaitika mtu mwingine."

"Na picha ya mwisho?"

Alikuwa ameinama, anaburuta mabati juu ya mawe, na kelele yake ikawa kubwa mno, ikaniingia kwenye meno, nikaamka.

Taa ilikuwa bado inawaka na nje kumekucha. Nikapiga simu. Simon alikuwa ameshapakia kamera kwenye gari.

"Simon, leo hakuna kulala. Tunafukia."

"Umeingiwa na nini? Bila ile picha hatuna mwisho. Kazi ya miaka minne, Mrefu!"

"Najua." Nilikuwa nalia na sikujali akinisikia. Nikamweleza yote, shati, shubiri, kengele, hadi lile la kulala mahali pangu. "Kata mgomba. Nitauvisha shuka langu, nitaweka kengele juu yake, tutataja jina la Tindi, tutafukia. Kamera ibaki nyumbani."

Nikasikia mama yake akiuliza kuna nini asubuhi yote hii, halafu nikasikia Simon akimwomba panga.

"Mgomba wa urefu gani?" akaniuliza.

Nikajikuta nimesimama wima, mgongo ukutani, kama siku ile waliponipima kwa kamba.

"Kama mimi," nikasema.