Kofi Nililokataa Kulipunguza

Sikupunguza, na sijutii. Niliambiwa nipunguze mara tatu kwa upole, na mara ya nne nikaambiwa nizime kabisa, kwa kidole kilichonyoshwa machoni pangu, lakini sauti ile niliiacha pale pale nilipoona panaistahili.

Miaka hiyo nilikuwa nimerudi Uganda kutoka Zaire, tulikokimbilia baada ya serikali ya kijeshi kuanguka, jamaa za askari wa kwetu walipokuwa watu wa kuwindwa. Mimi ni binti wa askari, wa Koboko, na Kiswahili nilikinyonya katika kambi ya jeshi. Nilipata kazi Arua, katika kikundi kidogo kilichozunguka vijijini kufundisha watu habari za maji safi. Tulikuwa na chumba kimoja Arua Hill, chenye madirisha tuliyoyaziba kwa magunia wakati wa kazi.

Mwenzangu alikuwa mwalimu wa kuchora, mkazi wa Mvara, mtu mpole. Alikuwa ametengeneza sanduku la mbao lenye dirisha mbele na taa nyuma. Ndani yake karatasi ndefu ilizungushwa kwenye vijiti viwili, na juu ya karatasi alichora picha nyingi, kila moja ikitofautiana kidogo tu na iliyotangulia. Akizungusha mpini upesi, picha moja baada ya nyingine, unamwona mwanamke anatembea, anainama, anajitwika chungu. Leo vijana wanafanya hivyo kwenye kompyuta. Nimewaona: wanaikokota sauti kwa kidole mpaka chini ya picha wanayoitaka, wanashusha mstari, sauti inapungua. Sisi tulikuwa na redio kaseti iliyonunuliwa ng'ambo ya mpaka, spika moja ya bati, maikrofoni, betri ya gari, na masikio yangu.

Kazi yangu ilikuwa sauti. Nyayo nilizipata kwa kuponda mchanga ndani ya karai. Chungu kinachovunjika kilikuwa chungu kweli, na mama wa jirani alinigombeza kwa kukiharibu. Tabu ilikuwa kofi. Katika hadithi yetu mwanamke anakwenda kisima cha mbali, anakuta foleni, anachelewa, na mumewe anampiga akiwa na chungu kichwani. Nilipiga viganja, ikatoka kama mtu anashangilia. Nikapiga ndala ukutani, ikatoka kama mtu anaua mende. Mwishowe nikachukua donge la unga wa mandazi, nikalitandaza juu ya kibao, nikalipiga kwa kiganja kilicholowa. Mwalimu alikuwa akichonga penseli. Aligeuka ghafla, akanitazama shavu. Hapo nikajua nimelipata.

Onyesho la kwanza lilituaibisha. Sauti zote nilikuwa nimezirekodi kwenye kaseti moja, nayo kaseti ina mwendo wake, haimngojei mtu. Mwalimu alichelewa kidogo kuzungusha mpini. Kofi likalia wakati mkono wa mume bado uko chini kando ya paja. Watu walicheka hadi benchi moja likapinduka. Mwanamume mmoja akapaza sauti: "Huyu mutu anapiga na macho!"

Nilirudi chumbani nimevimba kwa hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyonifundisha kazi. Sauti ikitangulia mkono, watu wanacheka. Ikichelewa, wanageuka kutazama mlango, wakidhani kuna kitu kimeanguka nje. Pahala pake ni pamoja tu, pale vidole vinapofunika shavu. Niliweka alama ya penseli nyekundu pembeni mwa karatasi, kando ya kila picha yenye sauti. Kofi nikalitoa kwenye kaseti kabisa. Nililipiga mwenyewe, papo hapo, unga na kibao mbele ya maikrofoni, jicho langu likiwa kwenye ile alama. Tulirudia siku nne. Siku ya tano lilikaa.

Tukawaonyesha wanakamati wa kikundi. Kofi lilipolia hakuna aliyecheka.  Hadithi ilipokwisha, mwenyekiti, mzee mwenye heshima zake, akasema, "Kazi iko muzuri. Lakini hii kofi, binti yangu, punguza."

"Kwa nini, Mzee?"

"Iko juu sana. Sisi natafuta wanaume ya kuchimba kisima. Wakisikia namna hii watakasirika, watakwenda. Sauti ya maji weka juu. Ya kofi weka chini."

"Mzee, nyumbani kwa watu iko na kifungo ya kupunguza?"

Mwalimu alinikanyaga mguu chini ya meza. Mwenyekiti akainuka. Alikuja mwenyewe kwenye spika, akarudisha kifungo hadi namba mbili, akabandika kipande cha plasta juu yake kisisogee. "Hapa," akasema. Kabla ya safari akanikumbusha mara mbili.

Koboko tulifika kwa lori la mihogo, mimi na mwalimu, sanduku katikati yetu. Onyesho lilikuwa saa nane mchana, katika ghala tupu la mfanyabiashara mmoja. Mbele kabisa alikaa baba yangu mdogo, askari wa zamani, mgongo wima kama yuko gwaride. Nyuma, upande wa wanawake, alikaa mama yangu.

Nyayo zilipita. Maji yalipita. Nilipoona alama nyekundu inakaribia nikang'oa plasta, nikazungusha kifungo mpaka saba, nikainua kiganja.

Kofi likalia. Nilimsikia mbuzi wa nje akitafuna.

Baba mdogo akasimama. "Zima hiyo kitu."

"Baba, hadithi haijaisha."

"Nasema zima! Wewe mutoto ya nani, unakuja aibisha watu kwao?" Kidole chake kilikuwa karibu na pua yangu. Mkono wangu haukuondoka kwenye kifungo.

Kabla sijajibu, sauti ikatoka upande wa wanawake. Alikuwa hajati mmoja, bibi mzee aliyekwisha kuhiji, muuza chumvi sokoni. "Mwalimu," akasema, "rudisha nyuma kidogo. Sisi huku hatukusikia muzuri."

Mwalimu, mtu mpole yule, alinitazama. Halafu akarudisha mpini. Mkono ukashuka, ukapanda tena, nikapiga tena.

"Hiyo ndiyo yenyewe," hajati akasema. "Lakini bado sauti iko kidogo."

Wanawake wakaguna pamoja. Baba mdogo akatoka, na wanaume wengine kama sita nyuma yake. Waliobaki walitazama mpaka mwisho, na mmoja aliuliza maswali marefu kuhusu kina cha kisima.

Jioni nilimsaidia mama kuchambua mboga. Hakuniuliza habari za safari. Alichambua sana, kisha akasema bila kuinua uso, "Kumbe ulikuwa unasikia."

Kambini, baba alipokuwa akimpiga, jirani wa kulia alikuwa akipandisha redio. Kila mara. Sisi watoto tulilala tumegeukia ukuta, tukisikiliza taarifa ya habari ambayo hatukuielewa, na chini ya taarifa hiyo, ile sauti.

"Nilikuwa nasikia, Mama."

"Mimi nilifikiri mumelala." Akasukuma sinia kwangu. "Hajati amesema kweli. Iko kidogo."

Asubuhi baba mdogo alituma mtu kusema nikamwombe radhi mbele ya wazee kabla sijapanda lori. Nilimrudisha na jibu kwamba sina kosa la kuombea radhi. Tangu siku ile hakunisalimu kwa miaka mingi, na mimi sikumfuata.

Habari zilinitangulia Arua. Mwenyekiti alikuwa ameketi na karatasi tupu na kalamu mezani. "Andika hapa kwamba umekosa, umekataa amri, na hutarudia. Halafu unaendelea na kazi yako."

Nilichukua kalamu. Nikaandika mstari mmoja: Sauti ilikuwa sawa. Nikaweka funguo za chumba juu ya karatasi, nikashuka mlima kwa miguu mpaka Ediofe, nilikopanga. Nililia njiani, kwa sababu kazi ile niliipenda kuliko kazi yoyote.

Kisima cha Koboko kilichimbwa kabla ya mvua, na waliochimba ni baadhi ya wale waliobaki ghalani. Kikundi kilimweka mtu mwingine kwenye sauti. Mwalimu alivumilia mwezi mmoja, kisha naye akaacha kazi, akabisha hodi kwangu akiwa na karatasi mpya ndefu kwapani, haina hata mchoro.

"Hii naanza na nini?" akauliza.

Tulikaa barazani tukaipanga hadithi siku nzima, ya mwanamke mwingine kabisa, mwenye duka. Sanduku jipya tulilipata kwa seremala wa jirani, na spika tuliazima. Kifungo chake kilikuwa kimevunjika, hakishuki chini ya tano. Mwalimu alitaka kukitengeneza. Nilimwambia akiache.