Madumu Manne ya Mwalimu

Nilirudi kambini Nakivale kutoka mjini Mbarara nikiwa na karatasi kubwa za kuchorea, kalamu za wino mzito za rangi nne, na kiburi cha siku tatu za semina. Katika ukumbi wa hoteli, huku tukila sambusa, tulifundishwa jinsi ya kumsaidia mtoto mdogo afikiri badala ya kukariri. Nilikuwa nikiitikia kwa kichwa muda wote, kama mtu anayesomewa habari zake mwenyewe. Mimi nina shahada. Nimeandika makala kuhusu uhuru wa fikra tangu kabla sijawa mkimbizi. Kwa maoni yangu semina ile ilikuwa imechelewa tu kunifikia.

Zoezi tulilopewa la Maarifa ya Jamii lilikuwa rahisi. Watoto wachague desturi moja ya mahali wanapoishi, waiangalie kwa siku tatu, kisha wajibu: nani aliiweka, inamsaidia nani, inamuumiza nani? Wanafunzi wangu wa darasa la tatu, pale Rubondo, wangeweza kuchagua chochote. Niliwasukuma kidogo kuelekea pampu ya maji, kwa sababu nilikuwa na ugomvi wangu na mwenyekiti wa kamati ya maji, na nilitaka watoto wamgundue wao wenyewe.

Pale kwenye pampu watu hawapangi foleni. Madumu ndiyo hupanga. Unaweka dumu lako alfajiri, unarudi nyumbani kukoka moto, unakuja zamu yako ikikaribia. Lakini dumu la mchungaji, la mwenyekiti na la mwalimu halikai nyuma. Wanawake wakituona tu, husogeza yao. "Pita, Mwalimu, watoto banakungoja." Mimi hujibu, "Hapana, mama, nitasubiri," na ninapomaliza kusema hivyo baiskeli yangu, pamoja na madumu yake manne, huwa imeshafika mbele.

Darasani kwangu kulikuwa na msichana wa miaka tisa aliyechelewa kila siku. Aliishi na shangazi yake, na maji ya nyumba yalikuwa kazi yake. Nilikuwa nimempelekea shangazi barua mbili. Ya pili, ambayo niliiona imeandikwa vizuri sana, ilisema mtoto ana uvivu uliokomaa na akiendelea hivyo atapoteza nafasi yake shuleni. Shangazi alinijibu kwa mdomo, njiani, mbele za watu.

"Kama shule haimutaki, Mwalimu, kuna mama moja kule Kakiika, Mbarara, muke wa askari, anatafuta mutoto wa kumubebea mutoto. Ataenda."

Siku ya kusoma matokeo, kundi la pampu lilibandika karatasi yake ukutani. Msomaji alikuwa msichana mdogo asiye na meno ya mbele.

"Nani aliiweka? Hakuna mutu anajua. Inasaidia nani? Pasteri. Mwenyekiti. Mwalimu."

"Mwalimu gani?" niliuliza kwa sauti ya mtafiti.

"Weye."

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka.

"Bidoni zako za maji ni ine. Tuliangalia siku tatu. Zote tatu ulipita mbele yake." Akanyoosha kidole dirishani. Nje alisimama yule msichana, kwa amri yangu, kwa kosa la kuchelewa, akitazama vidole vyake vya miguu vilivyolowa.

Nilijitetea, na naona haya kueleza nilivyojitetea. Niliwaambia siku tatu si ushahidi wa kutosha. Nikasema lazima tutafute sababu nyingine. Nilitumia hata neno "muktadha" mbele ya watoto wa miaka minane.

"Mwalimu," akasema yule asiye na meno, "ulisema tusikubali kitu sababu tu mukubwa amesema."

Semina haikuwa imefika sehemu hii. Nikamwita msichana aingie, nikafuta ubao ambao haukuwa na maandishi.

Jioni nilikwenda kwa shangazi. Alikuwa anachambua maharage. Karibu na mlango palikuwa na mfuko mdogo uliofungwa, na pindo la sare ya shule limejitokeza. Nilianza mbali sana: malezi, mazingira, mgawanyo wa kazi katika familia. Aliendelea kuchambua.

"Mwalimu, unatafuta nini?"

"Nataka kuandika barua nyingine. Zile zilikuwa na makosa."

"Mie sijui kusoma. Barua zako jirani alinisomea pale kwenye pampu, bote banasikia: mutoto ni muvivu. Sasa hii ingine usiandike. Kuja useme pale pale. Ukikataa, kesho anapanda gari ya Kakiika pale Rwekubo."

Asubuhi nilifika pampuni na hotuba yenye utangulizi; shangazi na msichana walikuwa wameshafika. Wanawake waliponiona wakaanza kusogeza madumu yao.

"Ngojeni," nikasema. "Ndugu zangu, katika jamii yoyote ile, desturi huzaliwa..."

"Mwalimu, mikono inachoka," akasema mama aliyeshika mpini wa pampu. "Sema."

"Mtoto huyu si mvivu. Alikuwa anachelewa kwa sababu mimi nilikuwa napita mbele yake."

"Ni hiyo tu?" akauliza mwingine. "Hiyo tulikuwa tunajua."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Weye ndiye ulisoma. Tuliwaza unaona."

Shangazi alisukuma bidoni ya mtoto kwa mguu, ikaingia pale zilipokuwa zikikaa zangu. "Jaza haraka," akamwambia, "mufuko nitaufungua nikifika nyumbani."

Mimi nilikokota baiskeli hadi mwisho wa foleni, nyuma ya dumu lililopasuka mdomo. Jua lilikuwa kali nilipojaza la nne. Nilipoingia darasani nikiwa nimelowa hadi magotini, msichana alikuwa ameketi dawati la pili, ameinamia daftari lake. Wenzake waligeuka wote kunitazama. Yeye alikuwa na kazi, akaendelea kuandika.