Sauti ya Baba Kabla ya Ijumaa

Baba alipofariki nilihamia Milola, nyumbani kwa wazazi, na kazi yangu yote, kwa sababu mama alikuwa anakaa eda ya kufiwa na mume na binti yake ni mimi peke yangu. Bahati nzuri kazi yangu inaenea kwenye begi: laptopu, modemu, na betri ya sola kwa zile siku umeme unapoondoka bila kuaga. Nikatandika mkeka karibu na dirisha la sebuleni, ndipo mtandao unaposhika. Mama alikaa chumbani, mlango wazi, amejitanda shuka lake jeupe, ananisikia ninavyofoka.

"Unagombana na nani tena?"

"Na kompyuta, mama."

"Maskini ya Mungu, imekukosea nini?"

Nilishamweleza kazi yenyewe mara nyingi tu. Kuna huduma ya simu ya wakulima wa korosho: mkulima anapiga namba, anaacha swali kwa sauti yake, bwana shamba anamjibu baadaye. Sauti hizo zinatunzwa kwenye kanzidata, na msimamizi wake ni mimi. Hazikai mahali pamoja. Kila sauti ina nakala tatu, kwenye seva za kampuni tatu tofauti za nje, ili moja ikizimika nyingine ziendelee na kazi kama hakuna kilichotokea. Kuziwasha na kuzitengeneza hizo seva si shughuli yangu, wapo wanaolipwa kwa hilo. Mimi naamua nani aingie, aone nini, na kitu kikae muda gani kabla hakijafutwa.

"Kwa hiyo wewe ndiye mwenye funguo," mama alisema siku moja.

Ndiyo hivyo hasa. Na mwenye funguo hafungui sanduku la mtu kwa vile tu anaweza. Hilo nililishika tangu nianze kazi, na sikuwahi kuliona zito mpaka mwaka huu.

Jumatatu moja nilikuwa nampelekea uji, nikamkuta analia. Si kile kilio cha msiba tulichokizoea. Hiki alikuwa anakificha.

"Baba yako aliwahi kupiga huko kwenu," akasema. "Mwaka jana, msimu wa kupulizia mikorosho salfa. Kasimama hapo uani, anaongea na simu, anaongea, haishi. Ugali unapoa. Nikamfokea, mwanangu. Nikamfokea majirani wanasikia. Akaingia, akala kimya, na mimi nikanuna mpaka kesho yake. Baadaye yakapita tu, kama yanavyopita. Sikumwomba radhi. Sasa kaondoka, na mimi sijui kama alikuwa nalo moyoni."

Nikamwambia, mama, hilo ni jambo dogo, baba hakuwa mtu wa kinyongo. Akanitazama kama mtu anayeongea na ukuta.

"Wewe hukumuona alivyonyamaza. Nataka nimsikie siku ile. Kama alikasirika, nijue."

Nikarudi kwenye mkeka. Tarehe na namba za simu naruhusiwa kuziona. Sauti zenyewe, hapana. Nikaitafuta namba ya baba. Ilikuwepo, mara moja tu. Na sauti zote zinafutwa zikitimiza mwaka, kila Ijumaa, zenyewe, bila mtu kubonyeza kitu. Ya baba ilikuwa inafutwa Ijumaa hiyo hiyo.

Watu wakisikia nakala tatu wanadhani hata mbili zikifutwa moja itabaki mahali. Wapi! Nakala tatu zinakulinda na moto, na mafuriko, na kampuni kuzimika. Amri ya kufuta ikitoka, zote tatu zinatii. Na amri hiyo niliiandika mimi, kwa mkono wangu, nikapongezwa.

Ningeweza kuichukua. Mstari mmoja tu wa kuandika, dakika haifiki. Niliuandika kabisa, nikauangalia, nikaufuta. Zimo humo sauti za wazee wa watu kutoka Mitole mpaka Sudi, na kila mmoja aliambiwa hakuna atakayemsikiliza ila bwana shamba. Nikichukua ya baba yangu, ya baba wa mwenzangu nitaiachaje?

Njia halali ipo. Mrithi anaomba, ofisi inampigia, anatamka mwenyewe kwamba ndiye na anataka, kisha mtu mwingine, si mimi, anaitoa. Rahisi! Tatizo, anayepiga simu hizo ofisini ni mwanamume.

"Niko eda," mama akasema. "Nikae nazungumza na mwanamume nisiyemjua?"

"Mama, hakuoni! Ni sauti tu!"

"Sauti tu?" Akajiinua kitandani. "Na wewe unayeihangaikia ya baba yako, hiyo ni nini?"

Mashekhe wangemruhusu, mama yangu hakujiruhusu, na mama yangu akishasema, kasema. Hasira zikanipanda, nikatoka uani nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Jumanne ikapita hivyo, tunasemeshana kwa ajili ya chumvi na maji tu.

Jumatano nikampigia bosi wangu, mama wa makamo, Mkristo, kwao Newala. Nilijiandaa kumweleza eda ni nini. Hakuningoja nimalize.

"Binti, mimi nimekua na majirani Waislamu. Mama hapaswi kusumbuliwa. Niambie muda anaopumzika, nitampigia mimi."

Akapiga mchana, baada ya adhuhuri. Nikampa mama simu, nikarudi kwenye mkeka na kujifanya nafanya kazi. Nilisikia shikamoo na marahaba zikigongana, kwa sababu kila mmoja alitaka kumwamkia mwenzake. Nikasikia pole za msiba, ombi lenyewe, jina la baba, ndiyo, ni mimi mkewe, ndiyo, naitaka. Hapo ilitosha. Lakini wakahamia kwenye magoti, kwenye bei ya mbaazi, kwenye waume wanaosahau kula, na mama akacheka. Tangu mazishi sikuwahi kusikia kicheko ndani ya nyumba ile. Nililia juu ya kibodi, nasema kweli.

Alhamisi jioni sauti ikafika. Nikakaa kitandani kwa mama, nikabonyeza.

"Assalaam alaykum," baba akasema. Kisha kimya. Alikuwa anasubiri mashine imjibu! "Haya, hamtaki. Mimi mkulima, niko Milola." Akaeleza mikorosho yake ilivyopata ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani na maua, na salfa aliyopuliza ikaoshwa na manyunyu. Arudie, au asubiri? Alikuwa hana haraka kabisa, anaieleza miti kama anawasemea wagonjwa.

Kwa mbali, kali, ikaja sauti ya mama: "Wewe mzee! Ugali unapoa! Si uioe hiyo simu ikupikie!"

Mama akajiziba mdomo kwa shuka.

Baba akacheka. Si kicheko kikubwa, ni kile chake cha puani, alichokicheka akifurahi na hataki ijulikane. "Nakuja, mama watoto!" akaita. Kisha akaisogelea simu, kwa sauti ya chini: "Mmemsikia? Huyo akininyamazia ndiyo siku nitakayoumwa. Haya, tuirudie salfa."

Ikaisha. Mama machozi yanamtoka.

"Alikuwa anacheka," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa nimempa mgongo. Sikumuona." Akajipangusa uso. "Mzee yule! Kaniacha nimenuna siku nzima, kumbe mwenzangu anacheka. Irudishe."

Nikairudisha. Safari hii baba alipoita, "Nakuja, mama watoto," mama akamjibu, polepole, kama yupo uani.

"Njoo taratibu, mume wangu. Haujapoa."