Fundi Sikio na Gurudumu la Mama Mikate

Jina la Fundi Sikio alijipa mwenyewe, na ilimchukua miaka ya kulisukumiza midomoni mwa watu mpaka likashika. Alikuwa fundi wa magurudumu ya baiskeli. Si wa kuziba pancha wala kupaka mnyororo mafuta. Kazi hizo alizionea kinyaa kidogo. Yeye aliunda gurudumu tangu mwanzo: habu, kile kitovu cha gurudumu, mkononi, ringi mapajani, spoku zikipandishwa moja moja na kupishanishwa, mpaka vyuma vile vilegevu vigeuke kitu cha kubeba mtu na mzigo wake.

Kisha ndipo ilipoanza sarakasi. Aliinamisha kichwa, akafumba macho, akawanyamazisha wateja kwa kidole, na kuzidonoa spoku kwa ukucha, ting, ting, ting, akizunguka ringi yote. Zilizokazwa sawa hutoa sauti moja. Iliyolegea hunguruma kinyonge. Shemeji yake aliwahi kumshauri anunue kile kipimo cha kupimia mkazo wa spoku. Fundi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kipimo ninacho, shemeji. Kimeota kichwani, kimoja huku na kimoja huku."

Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Nusu ilikuwa ya magurudumu, yaliyoning'inia ukutani kama sahani za jitu, na nusu ilikuwa ya cherehani ya mkewe, aliyeshona sare za shule. Kati yao palikuwa na mstari wa chaki, ambao fundi ndiye aliyeuchora na fundi ndiye aliyeuvuka kila siku.

Balaa lilianza na Mama Mikate. Mama huyu alioka mikate na kuisambaza madukani kwa baiskeli, tenga kubwa likiwa limefungwa nyuma. Gurudumu lake la nyuma, kazi ya fundi mwenyewe, lilikatika spoku moja. Fundi akaibadilisha, akalaumu viwanda. Haukupita muda, zikakatika tatu kwa mpigo, na mikate ikatawanyika barabarani kama kuku waliofunguliwa banda. Mama Mikate akaja akisukuma baiskeli, unga nywele nzima.

Fundi alilizungusha gurudumu, akalidonoa, akafumba macho. Alisikia sauti safi kabisa. Kwa hiyo kosa halikuwa lake.

"Mama Mikate," akasema kwa sauti ya kitaalamu, "samahani nikuulize. Siku za karibuni hujaongezeka mwili?"

Cherehani ikasimama.

"Nimekuja kutengenezewa gurudumu, fundi, au nimekuja kupimwa uzito?"

Fundi akamtupia mkewe jicho la kuomba msaada, akakuta mabega yanamtikisika nyuma ya sketi ya shule. Akaahidi spoku nyingine, nene kuliko zote dukani. Alipozipandisha alijipiga kifua: hata jiwe la kusagia lingepanda juu yake. Zile nene nazo zikakatika, tena mapema zaidi. Zilikatika palepale pa awali, kwenye kiwiko, pale spoku inapopinda kuingia kwenye habu.

Sasa, fundi yeyote anajua maana yake, na yeye alikuwa amewafundisha wengi. Spoku hukatika kwenye kiwiko kwa sababu ya ulegevu. Kila tairi linapozunguka, spoku hulegea na kukazika, hulegea na kukazika, mpaka chuma kinachoka. Lakini ulegevu ungetoka wapi, na yeye amesikiliza kwa masikio yake mawili? Hilo wala halikumpitia akilini. Alichokuwa amegundua mwaka ule ni kitu kingine kabisa: kwamba watu wote wameanza kunong'ona. Mkewe alinong'ona, wateja walinong'ona, hata redio ilinong'ona. Aliwahi kumgombeza muuza maziwa kwa kubisha hodi kwa woga.

Akalivunja gurudumu la Mama Mikate, akaliunda upya. Alikuwa amefumba macho katikati ya kudonoa, mkewe aliposema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye kola:

"Hiyo imelegea, baba watoto."

"Nini?"

"Nimesema hiyo imelegea!"

"Ipi imelegea? We shona."

"Hiyo uliyoishika. Na ile uliyoipita, na nyingine kabla yake. Kama mtu anakohoa."

Fundi alicheka kwa kiburi, akamgeuza mkewe akabili ukuta, akaanza kudonoa huku akizitikisa spoku kwa vidole kuhakikisha. Mkewe akawa anasema, "Nzima. Nzima. Legevu. Nzima." Kila aliposema legevu, ilicheza mkononi kama jino la mtoto. Fundi akakaa juu ya ndoo. Uso ulimshuka hivi kwamba mkewe akaacha kucheka, akaja akamshika bega.

"Twende zahanati."

Njiani alijiandaa kwa msiba. Aliona atakavyokuwa: kiziwi mzee, mpole, anayeongea kwa ishara, watu wakimhurumia na kusema huyu zamani alikuwa na sikio. Alipanga hata atakavyotabasamu. Daktari alimulika sikio la kulia, akamulika la kushoto, akaita muuguzi alete maji ya vuguvugu na beseni. Walichokitoa mle hakistahili kusimuliwa mbele ya chakula. Kilikuwa nta iliyochanganyika na grisi ya magurudumu, kwa kuwa kwa miaka mingi fundi alikuwa akijikuna masikio kwa kidole kilekile cha kazi.

"Ndiyo hayo tu?" akauliza, karibu ahuzunike.

"Ndiyo hayo tu, baba. Na usinipigie kelele, nakusikia."

Alirudi nyumbani kama mtu aliyevuliwa mto uliofungwa kichwani. Viatu vyake vililia. Cherehani ilipiga kelele za kutisha, na watu waliacha kunong'ona wote kwa pamoja. Akavimba kichwa upya. Safari hii alimchagulia Mama Mikate spoku zilizopunguzwa unene katikati, kwa kuwa hizo hunyumbuka kidogo na kugawana mzigo badala ya kukaidi. Akakaza, akadonoa, akafumba macho, akatangaza limekwisha.

"Ya pili kutoka tundu la pampu," mkewe akasema.

Fundi akaidonoa. Hakusikia tofauti yoyote. Akaishika kwa vidole, nayo kweli ikacheza kidogo.

"Kwa hiyo hata zamani, kabla masikio hayajaziba…"

"Zamani ulipatia nyingi."

"Na zile nisizopatia? Miaka yote hiyo mbona hukusema?"

"Ulikuwa unafumba macho vizuri sana. Sikutaka kukukatisha."

Alicheka yeye kwanza, akacheka mpaka spana ikamponyoka. Kisha akavuta kiti cha mkewe, akakivusha mstari wa chaki, akaliweka gurudumu kati yao. Yeye alikaza, mkewe akasikiliza. Alimrudisha kwenye spoku moja mara nyingi, bila huruma, mpaka fundi akatoka jasho la mgongo.

Mama Mikate alilichukua kesho yake, akalibonyeza kwa goti, akaondoka. Mvua zikaja, zikaisha. Alipotokea tena mlangoni tenga lilikuwa tupu, gurudumu linazunguka sawasawa, na nyuma yake alikuwa mdogo wake na baiskeli iliyopinda.

"Na huyu mtengenezeeni," akasema, akimtazama mwenye cherehani. "Ana haraka."

"Mwambie akae," fundi akajibu kutoka chini, ringi mapajani. "Bosi anamalizia kifungo."