Minazi ya Nyanya Katika Kiwanja cha Skuli

Juzi skuli yetu ya Likoni ilifanya sherehe, na sisi tuliosoma hapo zamani tukaalikwa, tukaketishwa mbele kwenye viti vya plastiki. Akasimama kijana mmoja na tai yake shingoni, akatusimulia historia ya skuli. Ati kiwanja kilitolewa na wazee wa kamati! Lo! Soda ilinipalia, nikakohoa mpaka mama aliyekaa kando yangu akanipiga mgongo. Wazee gani? Katika wale wazee wa kamati hakuna hata mmoja aliyetoa shubiri moja ya ardhi yake. Kiwanja kile kilikuwa cha nyanya yangu, mama mzazi wa baba, na mimi niliyeyaona kwa macho yangu sikubali kufa kabla sijayasema.

Nyanya alikuwa mwanamke mfupi, mweusi tii, mjane wa miaka mingi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya kivuko akageuka. Shamba alilirithi kwa baba yake. Kusali hakukosa kipindi, na kugombana pia hakukosa siku. Maulidi ya wanawake yalisomwa uani kwake, na hata wanaume walimwogopa, maana akikuamkia asubuhi na kosa lako analijua, basi anakupa vidonge vyako papo hapo barazani. Kuomba radhi yeye hakujua. Mama yangu alikuwa akisema kwamba tangu aolewe katika nyumba ile hajapata kulisikia neno "nimekosa" likitoka kinywani mwa nyanya, wala kwa mume, wala kwa jirani, wala kwa mtoto.

Msahafu aliujua vizuri, lakini hizi herufi za skuli hakuzijua hata moja. Siku moja hospitali ya ng'ambo ya kivuko ilimpa chupa mbili, moja ya kunywa na moja ya kuchua magoti. Akanywa ya kuchua. Subhanallah! Alitapika mpaka tukadhani tumempoteza, mama analia, majirani wamejaa uani, mimi nimejibanza nyuma ya mlango. Alipopata nafuu, neno lake la kwanza lilikuwa, "Huyu mtoto atasoma." Huyu mtoto ni mimi, na nilikuwa na umri kama wa miaka saba.

Miaka ile, uhuru bado haujaja, Likoni ilikuwa imeanza kufurika. Watu walikuja kutafuta kazi bandarini, kwenye feri, na katika nyumba za Wazungu huko njia ya Shelly. Watoto walikuwa tele, na skuli hakuna. Kulikuwa na vyuo vya Kurani tu. Serikali ikasema, jengeni wenyewe, sisi tutaleta mwalimu. Wanaume wakaunda kamati. Wakakutana, wakanywa kahawa, wakakutana tena, wakanywa kahawa tena, kiwanja hakuna. Baba yangu alikuwa katika kamati hiyo, kwa kuwa alikuwa karani bandarini na alijua Kizungu kidogo.

Nyanya akachoka nao. Ijumaa moja baada ya sala, watu wakiwa bado wanatafuta viatu vyao, akatokea kwenye baraza ya msikiti amejitanda buibui, akasema kwa ile sauti yake, "Shuhudieni nyote. Kiwanja changu, kutoka kwenye ule mkorosho mpaka barabarani, nimekiweka wakfu watoto wasome." Mwalimu wa msikiti akainua mikono, akaomba dua, na watu wakaitikia amina. Na wakfu kwetu ukishautamka, umetamka. Haurudi, hauuzwi, haurithiwi.

Ujenzi ukaanza. Wanaume wakakata boriti, wanawake tukakanda udongo, na nyanya akapika kila siku. Mahamri na mbaazi za nazi, sufuria kubwa, kila anayeshika kazi ale ashibe. Baba akitoka kazini alikuwa akija, anakula mbaazi za mamake, anapanda juu, anasaidia kugongomea mabati. Nayasema haya ili mjue alikuwapo, na alikula.

Siku ya kufungua, nyanya aliniamsha mapema. Akanipaka mafuta ya nazi, akanivisha gauni jipya la buluu na suruali nyeupe chini yake, na mtandio kichwani. Tulifika wa kwanza kabisa. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa bara, kijana mpole, na nyanya kila siku alikuwa akimtania kwamba Kiswahili chake kinahitaji kutiwa nazi. Asubuhi ile hakutaniwa. Alitutazama, akatazama chini, akasema, "Mama, huyu hawezi kuingia. Ni wavulana peke yao kwa sasa."

Nyanya akacheka. Alidhani naye leo ameamua kutania. "Mwalimu, umeamkaje wewe? Unajua umesimama juu ya kiwanja cha nani?"

"Najua, mama. Mimi sina neno. Ni kamati imeamua. Muulize mwanao, yeye ndiye aliyetoa hiyo shauri."

Baba alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale, kwa kanzu nyeupe na kofia, anapokea wageni. Nyanya akamwita kwa jina lake.

"Labeka, mama."

"Anasema wewe ndiye uliyesema wasichana wasiingie. Mwambie ni mwongo."

Baba akapangusa midomo. "Mama, watu wamesema wakiona wasichana ndani watawaondoa watoto wao. Na msichana akijua kuandika, kesho atakuwa anawaandikia wanaume barua. Tungoje kwanza skuli isimame."

"Uliyasema wewe?"

"Niliyasema."

"Lini?"

"Kabla hatujaezeka."

Kabla hawajaezeka! Wallahi mpaka leo nikilikumbuka jibu hilo nywele zinanisimama. Yaani mbaazi zote zile alizila akijua. Gauni langu liliposhonwa, alilitazama, akasema limenipendeza, akijua. Sikulia. Nilishangaa hata kulia nikasahau. Nyanya naye, yule mwenye maneno ya kuwatosha watu wote wa Likoni na kubaki, hakusema hata moja. Alinishika mkono tukarudi nyumbani, na nyuma yetu kengele ikagongwa, wavulana wakaingia.

Watu wakasema yamekwisha. Afanye nini? Wakfu haurudi. Baba alikuwa akila chakula chake kimya, anatoka kimya, na mama akawa anatembea ndani ya nyumba kwa ncha za vidole.

Kisha nyanya akaenda kwa mwalimu wa msikiti, nami nikiwa nyuma yake. Akamwuliza, "Mwalimu, wewe ni shahidi wangu. Nilitoa nini siku ile?"

"Ulitoa kiwanja, mama."

"Na minazi iliyo ndani ya kiwanja?"

Lazima nieleze hapa kwa wasiojua desturi yetu. Kwetu sisi ardhi ni kitu kimoja na mnazi ni kitu kingine. Unaweza kuuza shamba minazi ukabaki nayo, au ukarithi minazi iliyo katika shamba la mtu mwingine, na hakuna wa kukuzuia kuingia kuihudumia. Mtu akitoa ardhi, na minazi imo, ni lazima aitaje. Minazi ilikuwa kumi na kitu, yote imesimama mbele ya madarasa, na wanaume wa kamati kwa haraka yao ya amina hawakukumbuka kuuliza.

Mwalimu wa msikiti alikuwa mtu wa haki. Akasema, "Minazi hukuitaja. Minazi ni yako."

"Ahsante," akasema nyanya, akaondoka.

Nilidhani atakwenda kuangua nazi ziwaangukie mabatini, wavulana wapige kelele, basi. Lo, sikumjua nyanya yangu! Jumatatu nilimwona ameongozana na mwanamume mwenye kisu kiunoni na vibuyu vidogo vimening'inia begani. Mgema! Nyanya yangu, wa maulidi uani, wa sala tano, amempeleka mgema wa tembo la mnazi katika kiwanja cha skuli. Nilisimama njiani kinywa wazi.

Na pesa hakuchukua. Mgema alipouliza bei, alimkaripia. "Pesa ya tembo ni haramu, mimi niile? Gema bure. Ila utauzia hapa hapa, chini ya minazi yangu, usihamishe."

Mgema akashukuru Mungu wake. Asubuhi anapanda, jioni anapanda. Baada ya siku chache habari zikaenea kwamba kuna tembo safi la bei nafuu, na wakaanza kuja: watunza bustani wa Shelly, walinzi waliotoka zamu ya usiku, makuli wa feri. Wakaketi na mirija yao mbele ya darasa la kwanza. Ndani wavulana wanaimba hesabu, nje walevi wanawaitikia. Mmoja alikosea jibu, mwenzake akamsahihisha, wakapigana! Mwalimu mkuu alijaribu kuwafukuza, wakamwambia wao ni wageni wa mwenye minazi.

Kamati ikaja nyumbani jioni ile ile. Baba akawa kati yao, amekaa upande wa wageni katika nyumba yake mwenyewe. Wakalia, wakaapa, wakasema ni aibu ya Waislamu wote wa pwani. Nyanya akawasikiliza, akisuka ukili wa mkeka, vidole havisimami. Walipomaliza akasema, "Mtoto aingie skuli, mgema atoke." Wakaondoka wamekasirika.

Lakini msidhani lilikuwa jambo la kuchekesha tu. Lilimgharimu. Wanawake waliacha kuja maulidini. Mwalimu wa msikiti, aliyesema haki yake, sasa alipita barazani kwetu bila salamu, kwa kuwa anayewapa watu haramu naye ana sehemu yake ya dhambi. Shoga yake wa utotoni alimwona sokoni akageuza uso. Niliona nyanya amesimama na kapu mkononi, salamu imemkwama kinywani. Usiku nilimsikia kwenye msala akilia, anamwomba Mungu msamaha, na asubuhi akaenda kumwuliza mgema kama tembo limetosha. Sikujua mtu anaweza kuwa hivyo. Niliogopa. Nilimwambia, "Nyanya, mimi sitaki tena kusoma." Akanitazama kama niliyemtukana. "Funga mdomo wako," akasema.

Ilipokaribia kufunguliwa muhula wa pili, wazazi walianza kuwatoa wavulana wao. Hapo kamati ikalainika. Wakatuma neno kwamba wasichana wataingia, mimi na yeyote mwingine atakayeletwa. Mgema aondoke, minazi itajwe na iwe mali ya skuli. Na sharti moja zaidi: nyanya asimame siku ya kufungua mbele ya watu wote, aseme amekosa, na aombe radhi.

Mama aliposikia sharti hilo aliketi chini. Sote tulijua hawezi. Nilijua skuli imekwisha, nikalivua lile gauni la buluu moyoni mwangu na kulikunja.

Nyanya akaukunja ukili wake, akauweka kando. Kisha akasema, "Waambieni mtoto aingie kwanza. Aketi. Nikisikia ameketi, ndipo nitasema."

Basi siku ilipofika kiwanja kilijaa. Wanaume mbele, wanawake nyuma karibu na mkorosho, kila mmoja amekuja kutazama mwanamke yule akivunjwa. Mwalimu mkuu akatupitisha katikati yao, sisi wasichana watatu, akatuketisha kwenye benchi la nyuma. Dirisha lilikuwa juu. Niliona vichwa vya minazi na mbingu tu. Mwalimu akatoa kichwa nje akasema, "Wameketi."

Kisha nikaisikia sauti ya nyanya, na sikuitambua. Ile sauti ya kuvuka kivuko ilikuwa imekwenda wapi? Ilikuwa ndogo, kavu, ya mtu mwingine kabisa. "Nimekosa. Naomba radhi kwa Mwenyezi Mungu na kwenu nyote."

Nilidhani ndiyo basi. Nilisikia watu wakianza kuguna, kama wanaotaka kutawanyika. Ndipo mwanamume mmoja akasema, kwa adabu, taratibu, kila neno mahali pake, "Sema kwa nguvu, mama. Walio nyuma hawakusikia."

Alikuwa baba.

Hakuna aliyemzuia. Hata mwalimu wa msikiti. Nikangoja nyanya amjibu, ampe vidonge vyake mbele ya watu, amkumbushe mbaazi, amkumbushe nani alimzaa. Nilishika benchi kwa mikono miwili nikingoja.

Akavuta pumzi. Akarudia, kwa sauti yake yote, ile ninayoijua, mpaka mabati yakalia: "Nimekosa!"

Mwalimu mkuu alifunga dirisha, akaja ubaoni, akaandika herufi ya kwanza. Akatuambia tuisome pamoja. Darasa zima likasoma. Mimi nilifungua kinywa, na sauti haikutoka.