Kiti Kinachompwaya Unyoya

Rubani wetu tunamwita Unyoya, kwa sababu katika kundi zima la wanafunzi tunaounda ndege hii ya umeme ya mtu mmoja, mizani ilimchagua yeye, mwepesi kuliko sote. Mimi nilijinyima chakula cha jioni muhula mzima, na bado mizani ikanikataa. Yeye sahani yake hujaa mpaka kilele, na mwili hauna habari. Kila akiingia karakana huvua viatu, hujipenyeza ndani ya ndege, hufumba macho na kugusa swichi moja moja kwa ncha za vidole, huku akiiga mlio wa mota kwa mdomo, mpaka hata mwalimu anacheka. Nimesubiri mgema asifiwe alitie tembo maji, lakini wapi!

Kiti nilikichonga mimi, kabla rubani hajachaguliwa, na kipimo nilikitoa kwenye mgongo wangu mwenyewe. Sasa kinampwaya Unyoya kama koti la baba yake. Jana nilileta sponji na gundi nikizibe. Akanishika mkono.

"Usigandishe kitu, ndugu yangu. Mimi nitajishindilia sweta."

"Kwa nini?"

"Si na wewe siku moja utakikalia?"

Kumbe alijua muda wote. Wenzetu wakampigia makofi. Nami nikatabasamu, gundi ikinikaukia vidoleni. Walipotoka kwenda kula, nililichukua sweta lake aliloliacha kitini nikaliweka kwenye mizani, nikimwomba Mungu liwe zito.